Skrini Yangu Kwenye Simu ya Mtu Nisiyemjua

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na nayaandika kwa sababu najua kuna mtu sasa hivi anawachorea watu kazi bure akidhani anasailiwa.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya maabara ya kituo kimoja cha afya, nasubiri kuitwa kutolewa damu. Pembeni yangu alikaa mwanamke mwenye miwani mikubwa, yuko bize na simu.

Nikatupa jicho. Si umbea, macho tu yalikosa pa kwenda.

Kwenye ile simu kulikuwa na kazi yangu.

Sisemi iliyofanana na yangu. Rangi zangu, mpangilio wangu, mpaka maneno niliyoyatunga mezani kwa dada yangu: "Saa hiyo imejaa, ila usiondoke. Hizi hapa bado ziko wazi."

Kazi ile waliiona watu watatu tu: dada, jirani yetu, na mwanamke mmoja aliyenisaili kwa simu. Na huyo wa simu ndiye aliyeniambia nimekosa nafasi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Zamani nilikuwa napanga kadi na mabango kwenye duka la uchapaji. Duka likafungwa, nikahamia kwa dada, ambaye ni mkunga. Chumba alichonipa kilikuwa cha kushonea, kwa hiyo mimi na cherehani tukawa tunagombania kona. Humo ndimo nilimojifunza ubunifu wa bidhaa, yaani kazi ya kuamua programu ya simu ionekaneje na ukibonyeza hapa ikupeleke wapi, mtu asipotee njiani.

Kujifunza niliweza. Kuajiriwa ndiyo ikawa shughuli. Wanaoajiri hawataki picha nzuri tu, wanataka kujua kwa nini umefanya ulivyofanya. Basi dada akitoka zamu anakaa mezani na sare yake, anajifanya bosi. Hiki kitufe umekiweka chini kwa nini? Nikijibu kwamba kinapendeza, ananitimua nikafikirie upya.

Nikaona tangazo, ofisi inatafuta mbunifu. Nikatuma kazi zangu. Akanipigia mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, nikamhifadhi kwenye simu kwa jina la Mpole.

Mpole akanipa jaribio: nichore skrini anayoiona mgonjwa akitaka kupanga saa ya kumwona daktari, halafu akakuta saa aliyochagua imejaa.

Niliifanya kwa moyo wote. Nikampa jirani yetu, mama mtu mzima, aijaribu. Kila programu ilipomrudisha mwanzo aliweka simu chini, akidhani amekataliwa. Ndipo nikatunga yale maneno, na nafasi zilizo wazi nikazileta palepale.

Mpole alisifia mpaka nikaona aibu. Akaomba nibadilishe rangi kidogo. Baadaye akaomba mafaili yenyewe ya kuchorea, siyo picha tu.

Hapo machale yakanicheza. Ofisi gani inataka mafaili ya mtu ambaye haijamwajiri? Nikamuuliza. Alinyamaza, nikasikia anavuta pumzi, kisha akasema huo ndio utaratibu wa bosi.

"Mdogo wangu," dada akaniambia, "hawa watu wanakuajiri au wanakutumia?"

Nikamwambia asiniletee gundu. Nikatuma.

Baada ya hapo nikapigwa danadana. Leo bosi kasafiri, kesho wanajadili. Mwisho ukaja ujumbe mkavu wa Mpole: nafasi imepata mtu, tunakutakia kila la heri.

Sasa turudi kwenye benchi.

Nilichowaza ni kwamba huyu Miwani ndiye aliyepewa kazi yangu. Maana haikuwa kama anaitumia ile programu. Alikuwa anaikagua. Anakwenda mbele, anarudi nyuma, anaipiga picha skrini, anawachungulia wagonjwa wengine wanavyobonyeza. Nikajikausha, nikamuuliza anaumwa nini.

"Siumwi," akasema, macho kwenye simu. "Nimekuja kuangalia kitu changu."

Damu ikanichemka. Nikamwambia kama ni hiyo skrini, nimeichora mimi.

Akavua miwani, akanipima kuanzia kichwani hadi viatuni. Nilijua anatafuta pa kuniponda.

"Mimi nimechora hiyo inayoitangulia," akasema. "Nimesikia inatumika hapa, nikaja kuhakikisha. Wewe nawe ulisailiwa na mwanamke mwenye sauti laini hivi?"

Jina langu likaitwa maabara. Sikuinuka.

Ikabidi tuwaulize wabunifu wengine kwenye kundi moja la mtandaoni la wabunifu. Wakaanza kujitokeza. Mmoja alichora ukurasa wa malipo, mwingine majibu ya vipimo, mwingine ukurasa wa kujisajili. Kila mtu alipewa kipande chake, akaambiwa ni jaribio, halafu akaambiwa nafasi imepata mtu. Tulipoviunga vipande, ikawa programu nzima. Tulikuwa tumeingizwa mjini kwa zamu.

Mimi na Miwani tukaenda kwa daktari mwenye kile kituo. Tukamwonyesha mafaili yetu, naye akatushuku sisi. Alituuliza nani katutuma, akasema mafaili hughushiwa, akawa anautazama mlango kila mara. Mwishowe akawaita waliomuuzia ile programu waje tukiwepo.

Walikuja wawili. Bosi, suti imembana, na mwanamke mwembamba aliyekumbatia kompyuta. Alipotusalimia tu niliijua sauti.

Mpole.

Bosi nilimkasirikia. Mpole nilimchukia, maana yeye ndiye aliyenisifia.

Daktari akamuuliza bosi kwa nini mgonjwa akikuta saa imejaa harudishwi mwanzo. Bosi akasema ndiyo mtindo wa kisasa. Swali hilohilo daktari akanigeuzia mimi. Nikamweleza jinsi jirani yetu alivyokuwa anaweka simu chini. Daktari akaacha kuutazama mlango.

Bosi akacheka. Akasema sisi ni watu tuliofeli usaili, tuna hasira zetu. Akamtaka Mpole athibitishe.

Mpole alikuwa ameinamisha kichwa.

"Daktari, ni zao," akasema. "Zote. Mimi ndiye niliyezipokea."

Bosi akamnong'oneza, lakini wote tulisikia, kwamba anachezea kazi yake.

"Kazi ipi?" Mpole akasema. "Si bado niko kwenye jaribio?"

Kumbe Mpole ni mbunifu kama sisi. Alijibu tangazo lilelile, mapema kuliko sisi wote, na jaribio lake lilikuwa kuwasaili wengine mpaka bosi aridhike. Mkataba hajawahi kuuona. Siku niliyomuuliza kuhusu mafaili alinyamaza kwa sababu swali hilo alishajiuliza, na jibu lilimtisha.

Daktari akaachana na yule bosi. Programu tunaiendeleza sisi tulioichora, kwa mkataba ambao dada aliusoma kwanza, mstari kwa mstari, kabla hajaniruhusu kushika kalamu.

Mpole hatukumchukua. Miwani alikataa katakata, na mimi sikumtetea.

Juzi Mpole akanipigia. Ameitwa kwenye usaili, ofisi nyingine, na amegundua kwamba kuuliza amezoea lakini kujibu hajui. Akaomba nimfanyishe mazoezi.

Nilikaa na simu sikioni, naitafuta hila kwenye sauti ileile. Sikuipata, lakini kuitafuta sikuacha.

"Haya," nikamwambia, "jitambulishe."

Ndugu yangu unayejiandaa, majaribio fanya, ndiyo njia ya kazi hii. Ila wakianza kudai mafaili kabla ya mkataba, uliza kazi yako inakwenda kwa nani. Na huyo anayekusaili, hata awe mpole vipi, naye muulize: wewe walikuajiri lini?