Diski Nyembamba ya Koboko

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchagua diski kwa wembamba wake. La pili lilikuwa kunyamazia niliyoyaona, na leo naungama: haya yalinipata mchana kweupe, sokoni Koboko, mji wa mpakani, na sijaongeza chumvi.

Mimi hurekodi video za harusi na mazishi mjini Arua. Nilijifundisha mwenyewe kwa simu, labda ndiyo maana kila dosari hunikosesha raha. Wiki ile nilikuwa nimerekodi mazishi ya mama mmoja kule Manibe. Kaburi lilichimbwa jembamba, jeneza likakwama, wakalitoa, wakapanua. Kipande hicho nilikikata. Kilikuwa kibaya. Binti yake, Grace, alikuwa amekwama Juba, na video hiyo ndiyo mazishi pekee ambayo angeyaona.

Muuzaji alinionyesha diski mbili za kuihifadhi: moja nene, kasha limekwaruzika, nyingine nyembamba kama biskuti. Mama mmoja mwenye kitambaa cha buluu kichwani akainama karibu yangu.

"Mtoto yangu, chukua ile nene. Mimi sipendi kubanwa."

"Mama, hii iko mzuri zaidi," nikasema nikicheka.

"Mzuri kwa nani?"

Nikanunua nyembamba. Nyumbani Arua nikahamishia kila kitu humo, nikafuta kadi ya kamera. Nilipoifungua filamu, picha ya marehemu iliyowekwa juu ya jeneza ikajaa kwenye kioo. Kitambaa cha buluu. Niamini, ni yeye, yule wa sokoni. Picha ile niliirekodi dakika nzima nikihangaikia mwanga, lakini uso wenyewe sikuutazama. Utasema nilifananisha? Nikampigia muuzaji, namba ilikuwa kwenye risiti.

"Mama gani, bosi? Ulikuwa peke yako, unachekea diski kama mchumba!"

Niliogopa kuichomeka tena, hata kwa kunakili tu. Siku nilipojikaza nikaichomeka, ililia kwa ndani, tik, tik, ikafa.

Grace alivuka mpaka wa Oraba, tukakutana Koboko. Kilichobaki kilikuwa kile kipande nilichokikata, kwenye pipa la taka la kompyuta. Akatazama jeneza likikwama. Akarudia. Akarudia tena.

"Kumbe alikuwa ananingoja," akasema. "Na wewe ukakata."



Wewe uliye dukani sasa hivi, diski mkononi, unasifia umbo: irudishe. Na mtu akikuambia neno pembeni, mtazame usoni kwanza.

Grace hapokei simu zangu. Mimi siku hizi nanunua diski nene, nanakili mara mbili kabla ya kufuta kadi, na video ya mazishi siikati.