Maili za Kwenda kwa Bibi, Mzenga

Juzi mjukuu wangu alikaa barazani kwangu akiandika kilomita za gari lake, za biashara mbali, za matembezi yake mbali, apate kupunguziwa kodi. Nikamwambia kazi hiyo naijua tangu enzi za Mwingereza. Akacheka. Basi ngoja nikusimulie wewe.

Baba alikuwa na lori moja kuukuu, tukiishi Kisarawe, akipeleka makopa, ile mihogo mikavu, sokoni Dar es Salaam. Yeye alijua kuandika kwa herufi za Kiarabu tu, na karani wa kodi alizitaka za Kizungu, kwa hiyo daftari nilishika mimi, binti yake wa darasa la tatu. Kila jioni nilipanda kwenye usukani, kiti kikinuka petroli, nikasoma maili. Za kazi kulia, za nyumbani kushoto. Za kulia ndizo zilizopunguza kodi. Mwalimu alinisifu kwa hesabu, nami kichwa kikavimba. Baba alipotaka kwenda Mzenga kumwona bibi, mama yake, nilimfunulia ukurasa wa kushoto.

"Baba, za nyumbani zimezidi. Ngoja upatikane mzigo wa huko."

"Haya, mama," akasema. Na kweli akangoja. Nikaona fahari, mjinga mimi.

Bibi alipelekewa habari na wapita njia kwamba lori litakuja likipata mzigo. Kiangazi karibu chote kikapita. Yeye alituletea salamu, mara mkeka, mara kibuyu cha asali. Mwisho ikaja habari ya msiba.

Baada ya mazishi tulikuta nyuma ya nyumba yake magunia tisa ya makopa, yameshonwa midomo. Jirani yake akamwambia baba, "Mama yako kazunguka kijiji kizima anaomba mihogo, anamenya, anaanika mwenyewe. Anasema mzigo ukitimia, mwanangu atakuja. Alibakiza matatu tu yatimie kumi na mawili."

Baba aliketi juu ya gunia akalia mbele za watu.

Tuliyabeba yale magunia kurudi nayo. Jioni nikapanda kwenye lori na penseli yangu, nikashindwa. Tulikwenda kuzika, tukarudi na mzigo.

"Baba, hizi niandike wapi?"

Hakunikaripia. Mpaka anakufa hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

"Andika kushoto, mama."

Lori liliuzwa chuma chakavu, na pale kwa bibi hata msingi hauonekani. Daftari ninalo. Mwaka ule wote, upande wa kushoto, safari ya Mzenga ni hiyo moja.