Ndoo ya Mlisha Samaki

Kabla ya kuwamwagia samaki chakula, mlishaji wa bwawa la Dalila pale Luberizi lazima aonje. Huchovya kidole chenye ukucha mweusi ndani ya ndoo, hulamba, hufumba jicho moja, kisha huguna kama mpishi wa harusi. Tabia hiyo Dalila aliizoea. Kilichomchosha roho ni samaki kuendelea kuugua matumbo na kuelea wamekufa, ilhali daktari wa mifugo alimpa unga wa asidi wa kuchanganya na chakula ili kuua vijidudu vya tumboni. Leo amemfuma mlishaji huyo mzee akikoroga ndani ya ndoo maji ya majivu, yale yale ya kulainishia sombe, mboga ya majani ya muhogo.

“Papa, weye unafanya nini? Majivu inaua ile dawa!”

“Mama, iko muchachu sana. Weye ungekula hii?”

Dalila alifoka mpaka sauti ikamkauka: uchachu ndio dawa yenyewe! Mzee alivua kofia, akasikiliza kwa adabu zote, akachanganya ndoo nyingine bila majivu. Akaonja, akakunja uso, akayainamia maji ya bwawa.

“Muvumilie tu, batoto yangu,” akawanong'oneza samaki. “Ni mama ndiye anataka.”