Mchele wa Kunywa kwa Mrija

Aliyenifundisha kutengeneza maji ya mchele ni mama mmoja wa Meksiko, pale mtaa wa Glenwood, nyumbani kwake, nilikokuwa nafanya usafi siku tatu kwa juma. Kwao wanayaita orchata. Nilimwambia bwana yangu amevunjwa taya, madaktari wameifunga kwa waya, uji anautema, supu anaitema, na mwili unaisha. Yule mama hakusema pole. Alifungua kabati akatoa mchele.

Unaosha vikombe viwili vya mchele, unaloweka na kijiti cha mdalasini asubuhi mpaka jioni, basi. Unasaga kwa blenda na maji yale yale, unachuja kwa kitambaa, unatia maziwa, sukari na vanila kidogo. Ukitaka kumpa mtu koroga kwanza, maana unga unakaa chini.

Nilirudi Isipingo, mtaa tunakoishi, nikafanya kama tunavyofanya muhogo mchungu kwetu: nikaloweka siku tatu. Muhogo usipolala majini siku tatu unakuua, sasa nani angeniambia mchele hauko hivyo? Shule nimeishia darasa la nne. Siku ya tatu ndoo ilikuwa na povu na inanuka pombe. Bwana yangu alinusa, akachukua daftari lake, maana kusema alikuwa hawezi, akaandika: UNATAKA NILEWE? Nilicheka. Yeye mabega yakatikisika. Tangu wampige alikuwa hajacheka.

Mara ya pili nikafuata maneno ya yule mama. Akanywa chote kwa mrija, akasukuma kikombe mbele kama mtoto anayetaka tena. Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati, cha bluu, na hakuna mwingine aliyekigusa. Juma la tatu mashavu yakaanza kurudi. Nikaanza kuamini atapona, mjinga mimi.

Waliompiga siwajui majina. Ni vijana wenye fimbo, walikuja mchana kweupe kutafuta wageni, sisi tuliotoka nchi nyingine. Lakini mlango wetu uko nyuma ya nyumba, barabarani hauonekani. Iko mtu aliwaonyesha. Bwana yangu aliandika kwenye daftari: NILISIKIA SAUTI YAKE. Ni yule wa duka la simu, Mkongomani mwenzetu, anayeimba koro kanisani kwetu. Aliwapa mlango wetu ili duka lake wasilivunje. Na hawakulivunja. Kioo kiko kizima mpaka leo, karibu na renki ya teksi, pale zinaposimama kupakia watu, nenda uangalie.

Nilimwambia pasta peke yake. Akasema, "Samehe, mama. Usigawanye kanisa."

Jumapili moja baada ya ibada wakaja kumwona mgonjwa: pasta, wamama watatu, na yule wa simu nyuma yao. Pasta alimleta mwenyewe.

"Papa, lakini umenenepa!" mama mmoja akasema. "Yaya, dada yetu huyu, anakulisha nini?"

"Mchele wa kunywa," nikajibu.

"Mchele wa kunywa! Eish, tuonjeshe basi, ama ni wa wazungu tu?"

Wakacheka. Kwetu mtu aliyekuja kumwona mgonjwa hatoki na koo kavu, hiyo mama yangu alinifundisha kabla sijajua kufunga kitenge. Nikagawa. Nilikuwa na vikombe vinne vya wageni, na wao walikuwa watano. Yule wa simu alikuwa wa mwisho, amesimama mlangoni, mikono mitupu. Wamama wote wananiangalia. Mkono wangu ukachukua kikombe cha bluu. Tena nikakoroga jagi vizuri ili naye apate yale mazito ya chini.

"Merci, yaya," akasema. "Tamu hii! Ungefungua biashara."

Alikunywa mpaka tone la mwisho, akakirudisha kwa mikono miwili, kwa heshima. Bwana yangu hakumtazama hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi.

Walipoondoka niliosha kikombe kwa maji ya moto na sabuni, nikarudia. Nikammiminia. Hakufungua midomo. Kesho yake vilevile. Nikaleta glasi, nikaleta kikombe kipya kutoka dukani. Nikapiga magoti.

"Papa, nilikosea. Watu walikuwa wananiangalia."

Akachukua daftari akaandika: NA MIMI NILIKUWA NAKUANGALIA. Baada ya hapo daftari hakulishika tena.

Hospitali walimtundikia maji ya mshipa, lakini hayo hayajazi mwili. Alikufa na waya zake mdomoni. Kwenye karatasi ya kifo waliandika mapafu. Mimi naandika hapa waliomuua: wale vijana wenye fimbo, yule wa duka la simu, pasta aliyemleta, na mimi niliyekoroga. Kwenye mazishi yule wa simu ndiye alianzisha nyimbo, na sauti yake ni nzuri kweli, siwezi kusema uongo.

Mama wa Meksiko alisharudi kwao. Juzi alinitumia sauti kwenye simu, anauliza kama bwana bado anakunywa. Nikamjibu anakunywa. Alifurahi sana. Akaniambia safari nyingine niloweke mchele pamoja na lozi, atapenda zaidi.