Televisheni Iliyowekwa Mlangoni

Mwaka wa 2007 nilikuwa nafanya kazi katika duka la vifaa vya umeme mjini Nakuru. Duka lilikuwa la familia ya Kalasinga iliyokaa mjini humo tangu enzi za babu yao, na mwenye duka mwenyewe, mzee mrefu wa kilemba cha bluu, aliongea Kikuyu kizuri kuliko mimi niliyezaliwa nacho. Kazi yangu ilikuwa kuandika risiti, kupokea simu, na kuwasikiliza watu waliorudisha televisheni wakisema ni mbovu.

Nyingi hazikuwa mbovu. Mtu angefika na televisheni imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa, aiweke juu ya kaunta, aeleze kwa uchungu jinsi ilivyokataa kuonyesha diski. Mwenye duka angechukua mashine ya DVD, achomeke waya tatu, abonyeze kidude kimoja cha rimoti, na picha ingetokea. Mteja angeitazama, kisha aifunge tena televisheni yake kwa blanketi. Kuna mama mmoja wa Rongai aliyekuja mara tatu. Mara ya tatu alisema televisheni yake inafanya kazi dukani kwa sababu inatuogopa.

Siku hiyo, mama alipoondoka, mwenye duka alinigeukia. Alijua kwamba nilipata A ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia, tena si mara moja.

“Andika karatasi moja ya kueleza hizi waya,” akasema. “Mtu akisoma, asirudi hapa.”

Nilifurahi kupita kiasi. Nyumbani nilikuwa mtu wa kusahihisha watu ngeli mezani, mpaka kaka yangu alikuwa akinyamaza nikiingia. Sasa nilipata kazi inayonifaa. Usiku huo niliazima kamusi ya jirani, na asubuhi nikafika na ukurasa mzima uliopigwa chapa. Uliagiza kwamba kebo ya taswira ichomekwe barabara katika tundu la ingizo la runinga, na kwamba mtumiaji ateue chanzo cha mawimbi kwa kidhibiti mbali.

Mwenye duka aliusoma kwa sauti, polepole, kama karani wa korti anayemsomea mtu mashtaka. Alipomaliza akauliza hilo tundu la ingizo linakaa wapi. Nikamwambia linakaa nyuma ya televisheni.

“Basi andika nyuma,” akasema. Kisha akaongeza kwamba yeye amekaa Kenya miaka sitini na mbili, na hajawahi kusikia mtu akiteua mawimbi.

Nilirudi kwenye meza yangu nimenuna. Lakini nilipofikiria vizuri niliona ana haki, nikaanza upya kwa maneno ya kila siku. Shida ilikuwa ni yale maneno mawili yaliyoandikwa nyuma ya kila kifaa, IN na OUT. Hapo ndipo watu walipokuwa wakipotea. Nikaamua kuyaita milango: mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Nikaandika hivi: “Waya utoke kwa mashine ya diski, mlango wa kutokea, uingie kwa televisheni, mlango wa kuingilia. Rangi kwa rangi.” Baadhi ya mashine mpya zilikuwa na tundu la waya wa mtandao, na kila mtu aliuliza ni la nini. Kwa hilo nikaandika, “Liache kwanza.”

Mwenye duka alisoma, akatikisa kichwa kwa kukubali, akatuma nakala mia moja zitolewe. Nilibandika moja ukutani nyumbani kwetu.

Karatasi ilifanya kazi. Mama wa Rongai hakurudi tena. Kwa wiki tatu hivi hakuna blanketi lililofunguliwa juu ya kaunta, nami nikaanza kutembea dukani kama mtu aliyegundua dawa.

Kisha akapiga simu mzee mmoja wa Ndabibi, kule ng'ambo ya Ziwa Naivasha. Nilimkumbuka. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu mpole, ambaye alikuwa amenunua televisheni na mashine ya DVD kwa pamoja, akaikunja karatasi yangu mara nne na kuiweka ndani ya Biblia. Shida yake ilikuwa ndogo tu: waya tuliompa ni mfupi. Alitaka waya wa mita kumi na mbili.

Nilishangaa kidogo, kwa sababu waya wa kawaida ni mita moja na nusu na hakuna mtu aliyewahi kulalamika. Lakini mwenye duka alisema wakulima wengine wana nyumba kubwa, na mteja akitaka waya mrefu hatumuulizi ni wa nini. Tuliunganisha waya tatu za mita nne nne kwa vichwa maalumu, tukazituma kwa gari la vifurushi.

Baada ya siku mbili akapiga tena. Waya sasa unafika, akasema, na ni mzuri, lakini picha hakuna. Nikachukua karatasi yangu na kuanza kumuuliza hatua moja baada ya nyingine.

“Televisheni umeiweka wapi?” nikamuuliza.

“Kwa mlango ya kuingilia, vile mliandika.”

“Mlango gani wa kuingilia?”

“Ya mbele. Kwani tuko na ingine? Hiyo ya jikoni ni ya kutokea, na huko nimeweka ile mashine ya diski.”

Nilitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwangu. Akadhani simu imekatika, akaanza kusema halo, halo. Mwenye duka aliuona uso wangu akauliza kuna nini, nami nikaziba simu kwa kiganja na kumweleza. Hakucheka. Aliichukua karatasi yangu, akaisoma tena sentensi ile ya milango, taratibu, mpaka mwisho.

“Huyu mzee amesoma vizuri,” akasema. “Wewe ndio umeandika vibaya. Kesho tunaenda.”

Tuliondoka asubuhi kwa pikapu ya duka, tukapita Gilgil, tukateremka Naivasha na kuzunguka ziwa kwa ile barabara ya vumbi. Njia nzima nilikuwa nafikiria zile nakala nyingine tisini na kitu, na nyumba zote ambazo sasa zilikuwa na televisheni mlangoni.

Tulipofika tulikuta hali ni kama alivyoieleza. Televisheni ilikuwa juu ya meza ndogo, imesimama katikati ya mlango wa mbele, mgongo wake ukiangalia nje, imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Mlango haungeweza kufungika, kwa hivyo walikuwa wameuegemezea mabati mawili nyuma kuzuia kuku. Kutoka hapo waya ulivuka sebule yote, ukapita chini ya kochi, ukapanda kizingiti cha jikoni, ukafika kwenye kigoda kando ya mlango wa nyuma, ambapo mashine ya DVD ilikuwa imekaa karibu na ndoo za maziwa. Kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa na televisheni, kila mtu alizunguka nyuma ya nyumba, akapitia jikoni, na kuinua mguu juu ya mashine kabla hajasalimia. Sisi pia tuliinua mguu. Mwenye duka, kwa urefu wake, alilazimika pia kuinama, na kilemba chake kikashikwa na kamba ya vitunguu.

Mzee alitupokea kwa heshima na kutuonyesha kila kitu. Alieleza kwamba mwanzoni hata yeye aliona ni ajabu. Lakini alijiambia kwamba picha pengine inahitaji kupita nyumba nzima ndipo ipate nguvu, na kwamba watu waliosoma hawawezi kuandika milango mara mbili kama hawamaanishi milango.

Mke wake alikuwa amesimama karibu na meko, mikono kifuani. Alisema yeye alimwambia tangu siku ya kwanza. Mzee akajibu kwa utulivu kwamba kusema alisema, lakini karatasi haikuwa upande wake.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, lakini maneno yalinipotea, na nilichofanya ni kuisukuma televisheni kutoka mlangoni mpaka kwenye kabati la sebule. Mwenye duka akaleta mashine ya DVD na kuiweka juu yake. Hapo ndipo tulipoona kwa nini picha ilikataa hata baada ya waya kufika. Nyuma ya televisheni kulikuwa na safu mbili za matundu, ya juu ya kuingiza na ya chini ya kutoa. Mzee alikuwa amesoma OUT kwenye mashine, akatafuta neno linalofanana na hilo kwenye televisheni, na kuliunganisha nalo. Rangi kwa rangi, neno kwa neno. Nilijaribu kumweleza kwamba kimoja hutoa ishara na kingine huipokea. Nikaongea juu ya mawimbi, nikaongea juu ya chanzo. Mzee aliitikia kila sentensi, na nikajua hakuna hata moja iliyoingia.

Mke wake akaja, akainama, akatazama nyuma ya vile vifaa viwili.

“Hii ya diski inatoa?” akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

“Na hii kubwa inapokea?”

Nikasema ndiyo, mama.

Akamgeukia mumewe. “Ng'ombe na ndoo,” akasema. “Wewe umeunganisha ng'ombe na ng'ombe.”

Mzee akafikiri kidogo. Kisha, bila kusaidiwa, akachomoa waya tatu kutoka safu ya chini na kuzichomeka safu ya juu, njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Mama akauliza kidude kilichoandikwa SOURCE kwenye rimoti ni cha nini. Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe: lazima ni cha kuiambia ndoo ni ng'ombe gani anakamuliwa. Akakibonyeza. Picha ikatokea.

Diski waliyokuwa wakiitaka ilikuwa ya kwaya ya kanisa lao, iliyorekodiwa wakati wa sherehe ya kanisa. Mzee alikuwa mwimbaji wa besi kwa miaka kumi na minane, na hakuwahi kujiona akiimba. Ndiyo sababu alikuwa amenunua vifaa vyote viwili. Tuliketi, tukapewa chai, nayo kwaya ikaingia ikiyumba taratibu, akina mama mbele kwa sare ya zambarau. Mzee alisogea mpaka ukingo wa kochi.

Mpiga picha aliwapenda soprano. Alipofika kwa besi, mbele ya mzee alikuwa amesimama mwanamume mmoja mnene, na hakusogea tangu wimbo wa kwanza hadi wa sita. Tulitazama nyimbo zote sita. Katika wa nne, upande wa kushoto wa yule mnene, ulionekana mkono ukipiga mapigo hewani.

“Hiyo ni mkono yangu,” mzee akasema.

Mwenye duka alitazama chai yake. Mke wa mzee aliomba rimoti, akarudisha nyuma kidogo, na mkono ukapita tena. Akarudisha mara ya pili.

“Inapiga vizuri,” akamwambia. “Ndio inawashikilia wote.”

Mzee akaegemea kochi. Nilimtazama usoni nikaona ameridhika kabisa, kama mtu aliyeonyeshwa uso wake wote.

Kabla hatujaondoka niliketi na mama kwenye meza ya jikoni tukaandika karatasi upya. Yeye alisema, mimi nikaandika. Kila nilipotaka kupamba sentensi aliuliza ninamwandikia nani. Kinachotoa ni ng'ombe. Kinachopokea ni ndoo. Waya ni chuchu, akasema, lakini mwenye duka akaomba hilo liachwe.

Karatasi hiyo ndiyo tuliyoitoa miezi yote iliyofuata, na hata mwaka wa 2008, duka lilipofunguliwa tena baada ya wiki zile mbaya za vurugu za uchaguzi mwanzo wa mwaka, ndiyo iliyokuwa juu ya kaunta. Simu zilipungua, na zilizokuja zilikuwa za aina nyingine. Mtu mmoja alipiga kusema ana ng'ombe wawili na ndoo moja, yaani DVD na mashine ya kanda, afanyeje. Nikamwambia achague wa kukamua kwa rimoti.

Afisa mmoja mstaafu wa mtaa wa Milimani alitaka picha zilizo kwenye kompyuta ya chumba cha kusomea zionekane kwenye televisheni ya sebuleni, kwa mtandao wa nyumbani. Aliisoma karatasi, akaniomba kwa upole nimwandikie yake isiyo na mifugo. Nilimwandikia kurasa mbili safi, zenye kebo, na ingizo, na chanzo, na kisanduku cha kugawa mtandao. Nilizifurahia sana. Baada ya siku nne alirudi, akasubiri mpaka wateja wengine wakatoka, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: katika nyumba yake, hasa, ng'ombe ni yupi?