Bei ya Mbegu kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa akiuza mbegu za bangi, na bei yake ilitegemea umbali wa nyumba ya mnunuzi. Ukiishi mbali, bei nafuu. Ukiwa jirani, jiandae kuuza ng'ombe. Wengi walidhani amerukwa na akili, kumbe alikuwa na hesabu zake. Kwa miaka mingi alichagua mbegu moja moja, kila msimu, mpaka akapata mmea ambao wazee wa kuvuta kibuyu waliusifu kuanzia kwake, nje kidogo ya Kahama, hadi kwetu Geita. Jirani akipanda wa kwake karibu, upepo unachanganya vumbi la maua na kazi yote inaharibika. Kwa hiyo jirani alilipishwa uharibifu kabla hajaufanya. Matokeo yake, majirani walikuja kununua wamebeba mabegi, wamejipaka vumbi miguuni, wakiapa kwamba wametoka mbali, Mwadui.

Enzi hizo pamba ilikuwa na bei ya serikali. Sukari nayo ilikuwa na bei ya serikali, hata kama yenyewe haikuwepo. Mbegu ya bangi haikuwa na bei ya mtu yeyote, maana ilikuwa imekatazwa. Mimi nilikuwa Kalangalala, hapo hapo Geita, nikinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo kwa kujificha, kwa hiyo sikuwa na haki ya kumcheka mtu. Nilikuwa na mizani ndogo ya mkononi, na mawe yake yalikuwa njiti za kiberiti. Kitu kisichopanda kwenye mizani ile, kwangu hakikuwa na thamani. Huo ndio ujinga niliouingiza nyumbani.

Siku moja mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake na fundo la kitambaa lenye mbegu saba.

"Mama anaomba umuuzie kwa wazee wa huku," akasema. "Bei ni kuku mmoja."

Nikatoa mizani. Nilizipima palepale mezani, mbele yake, na hazikufika hata njiti mbili. Nikatamka kwa sauti ya mtaalamu, "Kwa uzito huu, mama yako atapata unyoya."

 Mke wangu alimfunga mtoto mgongoni, akatoka. Nilidhani anakwenda dukani, kumbe alikwenda kupanda basi la Kahama. Siku ya tatu ndipo nilipoanza kuelewa.

Nilikonda. Ugali nikipika unakuwa uji, uji nikipika unakuwa ugali. Usiku namkumbuka mtoto, asubuhi namkumbuka mama yake, na mchana nawapunja wachimbaji bila raha yoyote. Siku ya kumi nikafunga safari kumrudisha mke wangu.

Sasa, kule kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, seuze kuvutana naye bei. Nilikaa uani kwenye kigoda, mgongo nimeupa mlango, uso nimeelekeza zizini. Mke wangu akasimama ndani ya mlango kuwa mjumbe wetu.

"Shikamoo mama," nikawaambia ng'ombe.

"Anasema marahaba," akajibu mke wangu. "Na anasema zile mbegu sasa ni kuku wawili."

Kukubali bei ya mama mkwe kama ilivyo ni utovu wa adabu, kama vile uko gengeni unanunua nyanya. Heshima ni kuongeza.

"Mwambie naleta na jogoo."

Minong'ono kidogo. "Anasema jogoo atampigia kelele. Afadhali mbuzi."

"Mwambie mbuzi jike."

"Anasema mbuzi jike akiwa peke yake hazai."

Nikaongeza beberu. Balozi wa nyumba kumi, ambaye kazi yake ilikuwa kutukamata sote, alikuja na kigoda chake akaketi. "Ongeza, baba, ongeza," akanihimiza, kwa uchungu wa mtu aliyewahi kulipishwa bei ya jirani. Kufikia alasiri nilikuwa nimefika kwa mtamba wangu, ng'ombe pekee niliyekuwa naye duniani. Baada yake sikuwa na kitu kingine cha kuongeza.



Mara kwenye njia ya shambani, mbele yangu kabisa, akatokea mama mkwe na jembe begani. Nikajifunika uso kwa kofia. Naye akageuka haraka akanipa mgongo.

"Mwadila," akasalimia kwa Kisukuma upande wa barabara. Kisha akampigia binti yake kelele, "Huyu mkwe amefika saa ngapi? Umempa hata maji?"

Alikuwa shambani tangu alfajiri.

Balozi alicheka mpaka akaanguka. Mimi nilipandwa na hasira, kisha aibu ikaizidi.

"Kwa hiyo bei hii ni ya nani?" nikauliza.

"Yangu." Mke wangu akatoka, akaja kusimama mbele yangu. "Mbegu za mama ni kuku mmoja, kama alivyosema. Mtamba ni faini ya kumdharau mbele yangu."

Nikasema sawa.

"Na kama ningeendelea, ungefika wapi?"

Mfanyabiashara hasemi bei yake ya mwisho. Sikuwahi kumwambia mtu, hata nikiwa na homa. Nikamwambia ningefika mpaka nibaki na suruali niliyovaa, na hiyo nayo tungeizungumza.



"Basi nimejipunja," akasema, akaingia ndani kumchukua mtoto.