Nilimsingizia Binti Yangu Kifafa Ili Asiwe Sista

Kosa ni langu, simtafuti wa kulaumu! Nina duka hapa Pioneer, Eldoret, na Mungu alinipa mtoto mmoja tu. Nimuite Njeri.

Alipomaliza shule alisema anataka kuwa sista. Kanisani akina mama walinipigia vigelegele, nami nikacheka nao. Moyoni nilikuwa nawaka. Huyo mmoja akienda, nani ataniletea mjukuu?

Masista hawachukui msichana hivi hivi. Kwanza mmoja wao huja nyumbani kuona familia. Alipokuja kwetu, Njeri alitoka kuleta maziwa. Tukabaki jikoni tukimenya viazi, akaniuliza polepole, "Mama Njeri, kuna kitu yoyote tunafaa kujua kuhusu huyu msichana?"

Watu husema ni shetani. Mimi sikusukumwa na mtu! Nikainamisha kichwa. "Sista, ako na kifafa. Lakini tafadhali usimwambie nimesema, ataskia aibu."

Ole wangu! Alinishika mkono akanishukuru kwa kusema ukweli.

Njeri hakuchukuliwa. Aliambiwa tu aendelee kusali, huenda ana wito mwingine. Alilia mpaka sauti ikakauka. "Mungu amenikataa, Mama."

Na mimi, kwa mdomo huu huu ninaolia ugali, nikamjibu, "Mapenzi yake yatimizwe, mami."

Akaacha kwaya, kisha akaacha misa. Na huyo mjukuu? Habari za wanaume hataki hata kuzisikia! Miaka ikapita, yeye alikaa tu dukani akipima sukari, hacheki na mtu.

Juzi yule sista alipita dukani. Akamsalimia Njeri vizuri, akamuuliza kwa huruma, "Na kile kifafa, bado kinakusumbua?"

"Kifafa gani, Sista?"

Kisha Njeri akageuka akanitazama. Nikajifanya napanga mikate.

Hakunitukana. Laiti angenitukana! Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kaunta, akatoka. Sasa yuko kwa shangazi yake Kapseret na simu zangu hapokei.

Wazazi wenzangu, kama hutaki mtoto wako aende, mwambie usoni. Gombaneni, mlie, mnuniane hata mwaka mzima! Lakini msimsingizie Mungu. Miaka yote hiyo binti yangu alimkasirikia Mungu bure. Aliyemkataa ni mimi.